Sauti ya kuazima: nani aliimba kwenye sinema za zamani za Madras?

Msomaji mmoja wa Tanga ameniuliza hivi: “Bibi yangu aliyajua majina ya waimbaji wa sinema za Kihindi kuliko ya waigizaji wenyewe. Alikuwa akituambia kwamba wale tunaowaona wakiimba hawaimbi, wanafumbua midomo tu. Leo msanii akipiga pleibeki jukwaani tunamzomea. Mbona kwa Wahindi ilikuwa heshima? Halafu nimesikia kwamba kusini mwa India, upande wa Madras, walikuwa na sinema zao na waimbaji wao. Huko ni nani alianza, na kwa nini waigizaji waliacha kuimba wenyewe?”

Dada yangu, bibi yako alikuwa msikilizaji hasa, na amekuachia swali zuri.

Tuanze na hilo neno, maana ndilo linalotuchanganya. Kwetu pleibeki ni pale msanii anaposimama mbele ya watu waliolipa kiingilio, wimbo unapigwa kwenye spika, naye anajifanya anaimba papo hapo. Watu wanazomea kwa sababu wameuziwa kitu ambacho hawakupewa. India neno hilohilo linamtaja mtu mwingine kabisa: ni mwimbaji aliyekaa studio akaimba kwa niaba ya mwigizaji. Jina lake linaandikwa kwenye filamu na kwenye santuri, linatajwa redioni, na mtazamaji anapokata tiketi anajua fika kwamba sauti ni ya huyu na uso ni wa yule. Bibi yako hakudanganywa hata siku moja. Alikwenda kuwasikiliza wawili kwa tiketi moja.

Filamu za India zilizofika kwa wingi pwani yetu zilikuwa za Kihindi, kutoka Bombay, na ndizo zilizowapa watunzi wengi wa taarabu mahadhi yao. Kusini kuna lugha nne kubwa zenye sinema zao: Kitamil, Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya filamu za lugha zote nne ilitengenezwa katika mji mmoja, Madras, ambao leo unaitwa Chennai. Kwa hiyo nikisema “Madras” hapa, nina maana ya studio za mji ule, mwimbaji akitoka chumba cha Kitelugu asubuhi na kuingia cha Kitamil mchana.

Filamu ya kwanza ya sauti ya Kitamil ni Kalidas, iliyotoka tarehe 31 Oktoba 1931. Ilipigwa Bombay kwa sababu Madras haikuwa bado na studio ya sauti. Nyota wake, T. P. Rajalakshmi, aliongea na kuimba kwa Kitamil, wenzake wengine wakijibu kwa Kitelugu, na watu walifurika kuitazama. Hawakuwa wamefuata hadithi. Walifuata kusikia mashine inaimba lugha yao.

Rajalakshmi na wenzake walitoka kwenye vikundi vya michezo ya kuigiza ya muziki vilivyozunguka miji ya kusini. Jukwaani hapakuwa na kipaza sauti. Mwigizaji alitakiwa awafikie waliokaa nyuma kabisa kwa mapafu yake mwenyewe, usiku kucha, na kama sauti yake haikufika hakuwa mwigizaji. Watayarishaji wa filamu waliwachukua watu haohao, kwa sifa hiyohiyo. K. B. Sundarambal, bingwa wa jukwaa, alilipwa rupia laki moja mwaka 1935 kuigiza katika Nandanar, tena akicheza mwanamume, mtakatifu wa tabaka la chini. Kwa aliyemlipa, kuwa mwanamke aliyevaa kiume hakukuwa kizuizi. Sauti ndiyo iliyolipiwa laki. Filamu za miaka hiyo zilikuwa na nyimbo 30, 40, nyingine hata zaidi.

Sasa fikiria kazi ya kupiga wimbo mmoja wa namna hiyo. Kamera na mashine ya sauti zinafanya kazi pamoja. Mwimbaji yuko mbele, kapakwa poda, taa zinamchoma. Maikrofoni imefichwa juu yake au nyuma ya ua. Wapigaji wa harmonia, fidla na ngoma ya mridangam wamejibanza nje kidogo ya macho ya kamera, nyuma ya kichaka au ukuta wa mbao, karibu kiasi cha kusikika, mbali kiasi cha kutoonekana. Mwigizaji akitaka kutembea, wapigaji nao wanasogea kimyakimya na vyombo vyao. Kunguru akilia, wanarudia. Mpiga fidla akikosea noti ya mwisho, wanarudia toka mwanzo, na mkanda uliotumika ni hasara. Ndiyo maana ukizitazama filamu hizo unaona mwimbaji amesimama wima kama mlingoti, anaimba dakika nne huku mikono tu ikicheza. Watu husema waigizaji wa kale walikuwa wakavu. Mimi nawatetea: maikrofoni ndiyo iliyowafunga pale.

Njia ya kutoka ilipatikana Calcutta mwaka 1935, katika studio ya New Theatres: wimbo unarekodiwa kwanza peke yake, kwa utulivu, halafu siku ya kupiga picha unachezwa kwa spika na mwigizaji anaufuatisha kwa midomo. Hapa naomba tutofautishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kurekodi wimbo mapema ni jambo moja. Kuazima sauti ya mtu mwingine ni jambo jingine. Mwigizaji anaweza kurekodi wimbo wake mapema kisha akaufuatisha mwenyewe, na wengi walifanya hivyo. Mashine iliufungua mlango tu, na kusini watu walichukua muda mrefu kuupita.

Aliyeupita kwanza kwa Kitamil, kwa kumbukumbu zinazotajwa siku zote, ni mtayarishaji A. V. Meiyappan, katika filamu Nandakumar ya 1938. Mwanamke aliyeigiza Devaki, mama yake mungu Krishna, hakuwa na sauti ya kuridhisha, basi Lalitha Venkataraman akaimba badala yake. Huyo ndiye jibu la “nani alianza” kwa upande wa Kitamil, ingawa jina lake wachache wanalijua. Na si bahati tu kwamba alikuwa Meiyappan. Mtu huyu alitoka kwenye biashara ya santuri. Alizoea kukaa na kusikiliza sauti bila uso, na alijua kwamba mnunuzi akiwa nyumbani na gramafoni yake haoni nani amevaa nini.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha filamu yake nyingine, Sri Valli, ya 1945. Ni hadithi ya mungu Murugan aliyempenda Valli, binti wa wawindaji. Murugan aliigizwa na T. R. Mahalingam, kijana aliyetoka jukwaani mwenye sauti kali ya kupanda, anayeimba mwenyewe. Valli alikuwa Kumari Rukmini, mzuri wa sura, na naye aliimba mwenyewe. Filamu ikapigwa mpaka mwisho. Meiyappan alipokaa kuisikiliza, masikio yake yakakataa: ukimweka Rukmini karibu na Mahalingam, sauti ya binti inapotea. Kuipiga upya ingekuwa gharama kubwa. Akamwita P. A. Periyanayaki.

Tazama ugumu wa kazi aliyopewa. Kwa kawaida wimbo hutangulia na midomo hufuata. Periyanayaki alitakiwa afanye kinyume: midomo ya Rukmini ilikwisha kuimba, imeganda kwenye mkanda, na yeye aifuate. Kila mahali Rukmini alipovuta pumzi, naye avute. Kila irabu Rukmini aliyoirefusha kwa kupenda kwake siku ile, mwenzake airefushe vilevile, na bado wimbo usikike kama unatoka moyoni. Aliweza, filamu ikavuma sana, na kuanzia hapo hakuna mtayarishaji wa Madras aliyehitaji kuelezwa faida ya sauti ya kuazima.

Lakini sasa nije kwenye “kwa nini”, maana hapa sikubaliani na jibu linalotolewa kila mara, kwamba teknolojia ilipokuja waigizaji-waimbaji wakaondoka. Tazama miaka. Nandakumar ni 1938. Miaka sita baadaye nyota mkubwa kuliko wote wa Kitamil alikuwa M. K. Thyagaraja Bhagavathar, ambaye hata jina lake la mwisho ni cheo cha mwimbaji wa nyimbo za dini, na aliimba kila noti mwenyewe. Filamu yake Haridas ilianza kuonyeshwa wakati wa Deepavali, sikukuu ya taa ya kila mwaka, ya 1944 katika ukumbi wa Broadway mjini Madras, na haikutolewa mpaka imepita Deepavali tatu. Mashine ya kuazima sauti ilikuwepo wakati wote huo. Hakuna aliyeitaka kwa Bhagavathar.

Kilichomwangusha ni mahakama. Mwishoni mwa 1944 alikamatwa katika kesi ya mauaji ya mwandishi wa gazeti la udaku, akafungwa, na aliachiwa huru 1947 baada ya rufaa iliyofika hadi Baraza la Mfalme huko London. Alipotoka aliimba kama zamani, lakini filamu zake hazikushika tena.

Wakati Bhagavathar yuko gerezani, mwaka 1946, kijana mmoja wa Madurai aitwaye T. M. Soundararajan alirekodi nyimbo zake za kwanza kwa filamu Krishna Vijayam, iliyokuja kutoka 1950. Alikuwa amejifunza kuimba kwa kumwiga Bhagavathar, na wimbo uliomtambulisha ulifuata mahadhi ya wimbo wa Bhagavathar mwenyewe. Sauti ya bwana mkubwa ilikuwa bado inatakiwa, ila sasa ilitoka kwenye koo la mtu ambaye hakuna aliyepanga kumwonyesha. Kwangu mimi hapo ndipo zama mbili zilipokutana mlangoni.

Na kilichoufunga mlango nyuma ya Bhagavathar kilikuwa maneno. Mwaka 1952 ilitoka Parasakthi, iliyoandikwa na M. Karunanidhi, mwanasiasa kijana wa chama cha DMK ambaye baadaye akawa waziri mkuu wa jimbo. Watu walikwenda kusikia hotuba: mashambulizi dhidi ya makuhani walafi, kilio cha maskini, na ile sehemu ya mahakamani ambayo vijana waliikariri kwa ghibu. Mwigizaji mkuu alikuwa mgeni kabisa kwenye filamu, Sivaji Ganesan. Mwanzoni jukumu lile lilifikiriwa kupewa K. R. Ramaswamy, ambaye alikuwa mwigizaji-mwimbaji wa mtindo wa zamani. Meiyappan, mshirika katika filamu ile, hakumtaka Sivaji, lakini mtayarishaji mwenzake, P. A. Perumal, akamng’ang’ania. Sivaji aliweza kuyapandisha na kuyashusha maneno ya Kitamil kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Kuimba hakuimba, C. S. Jayaraman akamwimbia. Filamu ilifanikiwa mno, na swali la mtayarishaji anapomchagua nyota likabadilika. Zamani aliuliza: anaimba? Sasa akauliza: anaongea? Hilo, dada yangu, ndilo jibu langu la “kwa nini”.

Kwa wanawake sababu ilikuwa nyingine, na ni nzito zaidi. Katika jamii ya kusini ya wakati ule, mwanamke wa ukoo wa Kibrahmin, tabaka la juu la makuhani, kuimba hadharani lilikuwa jambo la kuleta maneno, sembuse kupaka rangi usoni na kushikwa mkono na mwanamume asiye wake mbele ya kamera. Walioingia kwenye filamu mapema wengi walitoka kwenye koo za wanamuziki na wachezaji wa mahekalu. M. S. Subbulakshmi alitoka huko. Aliigiza filamu nne tu, ya mwisho ikiwa Meera ya 1945, kisha akarudi moja kwa moja kwenye majukwaa ya muziki wa Kikarnatiki, muziki wa kale wa kusini. D. K. Pattammal alikuwa Mbrahmin. Kwake studio ilikuwa mlango ambao angeweza kuupita bila kuonekana. Mwaka 1939 sauti yake ilisikika katika Thyagabhoomi, filamu ya harakati za uhuru iliyopigwa marufuku na serikali ya Kiingereza, akiwaita watu waje kuitumikia nchi. Mwaka 1947, katika Naam Iruvar, aliimba shairi la Subramania Bharati la kushangilia uhuru kana kwamba umekwisha kufika, huku anayecheza ngoma machoni pa watu ni mtoto Kamala. Alikubali nyimbo za dini na za taifa tu. Za mapenzi alikataa. Kwa hiyo kuimba studio bila kuonekana, kwa Pattammal, kulikuwa pazia kweli: lilimfunika na likampa nafasi kwa wakati mmoja.

Kwa upande wa Kitelugu anayetajwa wa kwanza ni Rao Balasaraswathi Devi, aliyeimba katika Bhagyalakshmi ya 1943. Lakini mtu aliyeufanya uimbaji huu kuwa taasisi ni Ghantasala Venkateswara Rao. Alizaliwa 1922, akajifunza muziki katika chuo cha Vizianagaram huku akipita nyumba kwa nyumba kuomba chakula kama wanafunzi maskini wa desturi ile, akafungwa jela katika vuguvugu la kumtaka Mwingereza aondoke la 1942, kisha akashuka Madras kutafuta riziki. Alikuwa mwimbaji na mtunzi.

Ukitaka kuona alichofanya, tafuta Mayabazar ya 1957. Kuna wimbo wa mashua humo, usiku wa mbalamwezi, ingawa mpiga picha Marcus Bartley aliupiga mchana huko Ennore na kuugeuza usiku kwa ufundi wake. Vijana wawili wapenzi wako mashuani wanaimba. Kisha wanakuja Krishna na mkewe, wameketi palepale, wanaendeleza wimbo uleule. Kisha wanakuja Balarama na mkewe, watu wazima, nao wanaendeleza. Jozi tatu za midomo, rika tatu, na sauti ni mbili tu tangu mwanzo hadi mwisho: Ghantasala na P. Leela. Hakuna mtazamaji aliyelalamika kwamba mzee ana sauti ya kijana. Wimbo umekuwa kama maji ya mto ule, kila mashua inapita juu yake. Na humohumo kuna mzaha mwingine: jini Ghatotkacha amejigeuza bibi harusi, anacheza na kuimba kwa sauti laini ya P. Susheela, mara anajisahau na sauti nene ya Ghantasala inaropoka kutoka kwenye kinywa cha mwanamwali. Ukumbi ulicheka kwa sababu kila mtu alijua desturi ya kuazima sauti. Miaka 19 tu baada ya Nandakumar, kiraka kilikuwa kimegeuka nakshi.

Kwa Kimalayalam ilianza na Nirmala ya 1948, na mmoja wa waimbaji wake alikuwa huyohuyo P. Leela, msichana wa Palakkad ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 15. Msichana wa Kimalayali aliyeimba Kitamil na kuwa kipenzi cha Watelugu: Madras ilikuwa hivyo. Susheela alitoka kwa Watelugu, akaajiriwa kwa mshahara na AVM, studio ya Meiyappan, na ikabidi afundishwe matamshi ya Kitamil kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwaka 2016 alitambuliwa na Guinness kwa nyimbo 17,695 zilizothibitishwa.

Umeuliza kuhusu heshima. Sehemu ya jibu ni kwamba waimbaji hawa walikuwa na ufundi wa kusomea, si vipaza sauti vya kukodi. Mtazame tena Soundararajan. Mwaka 1954, katika Thookku Thookki, alipewa nafasi ya kumwimbia Sivaji, ambaye alikuwa amekwisha kuzoeana na sauti ya Jayaraman. Soundararajan aliisikiliza namna Sivaji anavyoongea, mahali anapoikaza sauti na mahali anapoiachia, akaimba kana kwamba mtu yule ameacha kuongea na kuanza kuimba bila kubadilisha koo. Mwaka huohuo alimwimbia pia M. G. Ramachandran, mpinzani wa Sivaji, na kwa huyo aliibadilisha sauti, ikawa nyepesi na yenye furaha. Mashabiki wa pande mbili waliokuwa hawapikiki chungu kimoja walimpenda mwimbaji mmoja, na wakifumba macho waliweza kukuambia nani yuko kwenye picha. Sehemu nyingine ya jibu ni redio na santuri: wimbo uliishi nyumbani kwa watu miaka mingi baada ya filamu kuondoka ukumbini, na nyumbani hakuna uso, kuna sauti tu.

Wapo waliokataa kuazima sauti, au walioiacha baadaye. P. Bhanumathi, mwigizaji, mwongozaji na mtunzi, aliendelea kuimba nyimbo zake mwenyewe. Na nyota wa filamu za Kikannada, Rajkumar, alikuwa mtoto wa jukwaa anayejua kuimba vizuri, lakini kwa karibu miaka 20 sauti yake ya nyimbo ilikuwa P. B. Sreenivas, bwana mpole ambaye mfuko wa shati lake ulijaa kalamu na aliandika mashairi kwa lugha nane. Mwaka 1974, wakati wa Sampathige Saval, Sreenivas aliugua. Wimbo ulikuwa wa mwanakijiji anayeimba juu ya mgongo wa nyati. Rajkumar akauimba mwenyewe, na watu hawakumruhusu kunyamaza tena.

Ukianza kusikiliza, anza na Sri Valli. Msikilize Mahalingam kwanza, halafu Periyanayaki anapoingia mtazame Rukmini mdomoni, hasa mwisho wa kila mstari, pale pumzi inapovutwa. Picha ni ya mwanamke mmoja na pumzi ni ya mwingine, na utaona jinsi Periyanayaki alivyoisubiri.